Pijo 504 si ya kupimwa kwa kilo

Juzi, kwenye gereji moja hapa Tabora, nimekuta Pijo 504 stesheni wagoni inakatwa kwa gesi ili iuzwe chuma chakavu. Hatua chache pembeni, Landrova 109 inapigwa rangi mpya, na mteja ameshapatikana. Nikauliza kwa nini hii inauawa na ile inaokolewa. Kijana mmoja akanijibu, "Mzee wangu, Landrova ndiyo gari. Pijo ilikuwa ya mabosi wa mjini tu."

Ya mjini! Pijo 504 ilishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha 504 kupe, ile ya milango miwili, ikarudia mwaka 1978. Kaka yake, 404, alikuwa ameshashinda mara nne kabla ya hapo. Landrova haijawahi kushinda mashindano hayo hata mara moja.

Wanaoisifu Landrova huanza na nguvu. Ile Landrova ya toleo la Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, inatoa nguvu za farasi 70 hivi, na gari lenyewe ni zito. Pijo ya lita 2 inapita 90. Breki nazo: Pijo ina diski mbele, Landrova ni dramu kotekote.

Lakini ninachotaka watu wakielewe ni springi. Landrova imekalia vyuma bapa vilivyopangwa juu ya ekseli ngumu, mbele na nyuma. Kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo wa abiria. Pijo ina koili, na gurudumu lake lina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka bila bodi kurushwa. Kwenye saluni nyingi, yaani Pijo ile ya kawaida yenye buti, kila gurudumu la nyuma linajitegemea. Kwenye stesheni wagoni nyuma kuna ekseli moja, ila wameiwekea koili nne, mbili kila upande, ndiyo maana ilijaza watu safu tatu na mizigo juu na bado ikatembea kwa utulivu. Aliyepita njia ya Sikonge kabla ya lami, kwenye vile vimatuta vya mfululizo visivyoisha, anajua ninachosema. Dereva wa Pijo aliongeza mwendo, gari likatulia. Mwenye Landrova alipunguza, na bado meno yakagongana.

Shangazi yangu alivunjika nyonga akiwa shambani huko Sikonge. Jirani alileta Landrova yake mpaka mlangoni, kwa moyo mwema kabisa. Baba alimshukuru, akapanda baiskeli kwenda kumtafuta mwenye Pijo. Tulisubiri mpaka jua likaegemea. Walimlaza nyuma juu ya godoro, akafika hospitali ya Kitete hapa Tabora akiwa anaongea. Mpaka leo naona baba aliamua vizuri, maana mgonjwa wa mfupa ukimrusharusha njia nzima unamuongezea jeraha.

Haya, masika. Pale Wembere, udongo mweusi wa mbuga ukishalowa, Pijo inayovuta kwa magurudumu ya nyuma inakwama, na Landrova inaingiza gia ya chini, inavuta kwa yote manne, inapita. Nakubali, shingo upande. Na bodi yake ya aluminiamu hailiwi na kutu kama bati la Pijo. Lakini masika yana miezi yake. Mwaka uliobaki watu wanasafiri, wanauguza, wanapeleka tumbaku Urambo, na kwa kazi hiyo sijaona gari la zamani lililotutendea wema kuliko Pijo.

Kama unayo moja imelala uani kwako, hata kama haiwaki, usimwite mtu wa mizani. Mwite kwanza fundi mzee aikague injini na chini yake kote. Na kama umechoka nayo kabisa, ulizia mafundi. Tupo tunaotafuta hata mlango mmoja wa 504 na hatuupati.