Sugu haina mzizi, na mengine niliyoambiwa nikiwa nimevua soksi

Kuna aibu ya aina yake kuvua soksi mbele ya mtu usiyemjua, taa kali inakumulika, na yeye anasogeza kiti mpaka uso unakaribia kugusa unyayo wako kama fundi saa. Mi siku hiyo nilianza kuomba radhi hata soksi ya pili haijatoka, samahani dada, visigino vina magaga, samahani nimetembea sana leo, na yule mtaalamu wa miguu akacheka, akasema kila anayekaa kile kiti anaomba samahani, hata wenye miguu mizuri. Nikajua hapo hapo kwamba kinachotuweka mbali na hawa watu sio hela peke yake, ni haya. Meno tunapeleka, macho tunapeleka, miguu tunaificha kwenye kiatu mpaka ianze kunuka au kuuma.

Kilichonipeleka ni sugu. Ile ndogo ya duara, juu ya kidole cha mwisho, ina kiini kigumu katikati, kiatu kikiigusa tu unaona nyota. Kama miaka mitatu hivi nilikuwa najikata mwenyewe na wembe, nalowesha mguu, nachonga, napata nafuu wiki mbili, inarudi, nachonga tena kwa hasira zaidi maana kila mtu alishaniambia sugu ina mzizi na usipoung'oa itaota tena kama magugu. Mara ya mwisho nilichonga mpaka damu, kidole kikavimba kikatunga usaha, nikameza antibayotiki wiki nzima. Kisa wembe.

Kumbe haina mzizi wowote! Ni ngozi tu inajikinga, kuna kitu kinaikandamiza sehemu ile ile kila hatua, nayo inajijenga, inanenepa, na pale katikati inabanwa mpaka inakuwa kama kigingi kinachosukuma ndani. Ndo maana ukiikata bila kuondoa kinachobana inarudi, hata ukiikata vizuri namna gani. Dada aliichonga na kisu chake kidogo dakika chache, sikusikia kitu maana ile ni ngozi iliyokufa, halafu akaomba viatu vyangu. Aisee alikaa na viatu muda mrefu kuliko alivyokaa na mguu. Akanisimamisha peku juu ya karatasi, akachora mguu wangu na kalamu, akaweka kiatu juu ya mchoro, mguu ukawa umemwagika nje pande zote mbili. Urefu ulikuwa sawa kabisa, upana ndo hakuna. Akaniambia viatu vinunuliwe jioni kwa sababu miguu inavimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na nipimie kwenye mguu ulio mkubwa, maana watu wengi miguu yao hailingani.

Sasa hapa huwa nakosana na marafiki wanaoniambia "mi nafanya pedikyua, inatosha". Sina ugomvi na saluni, ila pedikyua kazi yake ni kupendezesha, na rangi inafunika mambo. Ukucha wenye fangasi unanenepa, unakuwa wa njano, unamegeka, na unapakwa rangi mwezi baada ya mwezi huku fangasi wanaendelea na maisha yao. Dawa ya kumeza ya fangasi wa kucha za miguu inaweza kwenda wiki 12, na kucha za miguuni zinaota polepole mno, milimita moja na nusu hivi kwa mwezi, kwa hiyo ukucha wa kidole gumba kuisha wote na kuja mpya ni mwaka au zaidi. Ukichelewa kuanza, hesabu mwenyewe. Na kuna lile doa jeusi chini ya ukucha. Mara nyingi ni damu tu ya kujigonga, na damu husogea mbele ukucha unavyokua, lakini doa ambalo halisogei, au mstari mweusi unaozidi kupanuka, mtu aliyesomea aangalie. Bob Marley saratani yake ya ngozi ilianzia kwenye kidole cha mguu, ikagundulika 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36 tu.

Wenye kisukari ndo sitaki hata kubishana nao. Mjomba wangu alitembea siku nzima na kokoto ndani ya kiatu. Siku nzima! Kuja kuvua jioni, kidonda, soksi imeganda damu, na anasema hakusikia chochote, na kweli hakusikia, maana sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu neva za miguu na ganzi inaingia taratibu bila mtu kujua. Kidonda kilichukua miezi kupona, kidole kilinusurika. Kipimo cha miguu ya mwenye kisukari ni cha dakika chache, unafumba macho, unaguswa unyayo na uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, unasema "nasikia", halafu wanatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Angalau mara moja kwa mwaka, na ukishapoteza hisia inakuwa kila baada ya miezi michache. Huyu mtu wembe ni mwiko, na zile plasta za sugu zenye asidi pia, maana asidi haichagui, inakula na ngozi nzima, na yeye hatasikia ikila.

Najua wataalamu wa miguu sio wengi na sio kila mtu ana pa kwenda. Basi siku ukienda kwa daktari wa kawaida kwa shida yoyote vua viatu bila kuombwa, mwambie angalia na hapa. Mengine ya nyumbani ni madogo, kata kucha kwa kunyoosha usichimbe pembeni, kausha katikati ya vidole, mafuta pakaa visiginoni ila sio katikati ya vidole.

Mi naenda kila baada ya miezi mitatu hivi, bila kungoja maumivu. Sugu ilirudi mara moja. Dada aliitazama, akaguna, akauliza, "Vile viatu umeshavitoa?" Nikamwambia vipo, juu ya kabati, sijavivaa. Akaigusa kidogo na kidole, nikaruka, akachukua kisu chake.

"Siku ngapi?" akauliza.

Siku moja tu, dada. Ilikuwa harusi.