Mtoto wa kemo si wa kulazwa kutwa

Kwetu Buzuruga, hapa Mwanza, wageni wa hospitali hawakatiki. Ndugu wa kisiwani Ukerewe wenye mtoto anayetibiwa saratani hospitali ya Bugando hufikia hapa, na nimeishi nao vya kutosha kuwa na maoni ambayo shangazi zangu hawatayapenda: huruma yao imezidi. Mtoto akitoka kwenye dripu ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, anatandikiwa godoro sebuleni, anafunikwa kanga, na kila akijaribu kuinuka anaambiwa "lala baba, utaanguka". Wiki inakatika hivyo, kisha wao wenyewe wanaulizana mbona mtoto hachangamki.

Sisemi uchovu ule ni wa kujitakia. Ni mzito, na hata akilala usiku kucha anaweza kuamka nao. Kemo inapoua seli za saratani inagusa pia uboho, humo ndani ya mifupa damu inakotengenezwa, ndiyo maana wiki moja au mbili baada ya dawa damu inashuka. Na huku Kanda ya Ziwa malaria nayo haiko mbali, inakula damu hiyohiyo. Ipo dawa ya kemo iitwayo vincristine, inayotumika sana kwa watoto wenye leukemia, saratani ya damu, na wenye saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Hiyo inaweza kusumbua neva za miguu hadi mtoto akawa anaburuta nyayo. Prednisolone, dawa ya steroidi wanayopewa pia, inalegeza misuli ya mapaja na kuvuruga usingizi: saa nane usiku unamkuta macho makavu, anadai ugali. Ongeza kichefuchefu, vidonda vya mdomo vinavyomfanya aogope hata uji, na woga wa sindano. Halafu anapita mtu mzima anasema huyu anadeka. (Hao nao wapo. Siwapi aya nzima.)

Ila kulala kutwa hakutibu uchovu huo. Misuli isiyofanya kazi inanyong'onyea, na anayesinzia mchana kutwa usiku atakodoa macho. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu uliotolewa mwaka 2018, unaohusu uchovu wa watoto wenye saratani, umeyaweka mazoezi ya mwili mbele, na haushauri kukimbilia dawa za kuuondoa. Na mtu asisikie mazoezi akadhani ni mchakamchaka. Kutembea hadi getini na kurudi, kukaa wima wakati wa kula, kuchambua dagaa na bibi, kucheza kete na binamu zake kibarazani, yote hayo yamo. Kama kuoga kunammaliza, aoge, apumzike, ndipo ale. Si lazima kila kitu kifanyike kabla ya saa tatu asubuhi kwa kuwa nyumba imezoea hivyo. Siku ambazo chembe sahani zimeshuka, zile zinazogandisha damu, mpira na kupanda mwembe ni mwiko. Kiasi gani kinamfaa, aulizwe daktari wake.

Kuna uchovu mwingine ambao hauna uhusiano wowote na dawa. Anayetoka Nansio, Ukerewe, anadamka alfajiri kuwahi meli, anakaa saa kadhaa ziwani, anashuka bandarini, anapanda boda hadi mlimani Bugando, na huko kinachoanza ni maabara, kwa sababu kemo haitolewi kabla damu haijapimwa. Damu ikiwa chini dawa inaahirishwa, kama inavyopasa. Mtoto amezunguka kote huko ili aambiwe arudi siku nyingine. Wa Sengerema na Geita walau sasa wana daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, kusubiri kivuko kumekwisha. Kwa wa visiwani nauliza tu: damu ikipimwa hospitali ya karibu na kwao siku moja kabla, majibu yakatumwa kwa simu, nani atapungukiwa nini? Mimi naona hilo lingempa mtoto nguvu kuliko chupa zote za juisi tunazombebea wodini.

Na sisi wenyewe tuna adabu inayotuponza. Daktari anauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Mama anajibu, "Anaendelea vizuri, tunashukuru Mungu." Amejibu salamu! Homa ataitaja, kutapika atakutaja, lakini uchovu anauona ni mambo ya kawaida ya mgonjwa, na kuulalamikia mbele ya watu waliohangaika na mwanawe anaona ni kukosa shukrani. Daktari naye ana foleni hadi koridoni, anaandika alichoambiwa. Uchovu hauingii kwenye faili, na damu iliyopungua, malaria au usingizi mbovu, mambo ambayo yangeweza kushughulikiwa, yanabaki yalivyo.

Mama mdogo, mpe daktari kitu cha kushika. Mwambie wiki iliyopita alikwenda mwenyewe hadi dukani kwa Mangi, jana amebebwa kwenda chooni. Mwambie anaamka mara ngapi usiku. Na akiishiwa nguvu ghafla namna hiyo, tena ana homa, anahema kwa shida, amepauka viganja au anatoka damu puani, usingoje siku ya kliniki. Homa peke yake inatosha kukuinua usiku huohuo. Ukiwa kisiwani anzia kituo cha afya kilicho karibu, na neno la kwanza uwaambie mtoto huyu yuko kwenye kemo.