Eti kirusi kinabadilika kila siku? Si chote, yakhe

Juzi baada ya isha tulikuwa barazani kwetu Wete, kahawa imeshapita mara ya pili, maneno yakahama kutoka bei ya karafuu yakaingia kwenye ile sindano ya kujikinga na UKIMWI inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Jamaa mmoja, mwalimu wa skuli tena, akasema "Haiwezi kufanya kazi hiyo, kirusi kinabadilika kama kinyonga, leo wakikikamata kesho kishakuwa chengine." Watu wote wakaitikia. Mie nikajaribu kutia neno nikazidiwa sauti, na barazani ukizidiwa sauti ndo ushashindwa, kwa hivo nimekuja kumalizia huku ambako hakuna wa kunikata kauli.

Kwanza nimpe haki yake. Kirusi cha UKIMWI kweli kinabadilika, tena kwa fujo. Kinabeba RNA, yaani maandishi yake ya urithi, kikiingia kwenye seli kinainakili iwe DNA, na kile kimeng'enya chake kinachonakili hakina kazi ya kurudi nyuma kukagua makosa, kinaandika tu kinakwenda. Zile protini za nje kabisa ambazo kinga yetu inaziona ndo zinabadilika zaidi, na ndo sababu moja kubwa ya kuwa miaka arubaini watu wanatafuta chanjo na haijapatikana. Hapo mwalimu yuko sawa na silipingi.

Lakini kirusi si kitu kimoja jamani. Ukilivua lile ganda la nje la mafuta, ndani kuna ganda la pili la protini, linaitwa kapsidi, umbo lake kama ile pia ya kuchezea watoto, upande mmoja mpana upande mmoja mwembamba, na ndani yake ndo mna RNA. Na hili ganda ndo hadithi yangu ya leo.

Ami yangu yupo Kojani, mvuvi, na anasuka dema, ule mtego wa samaki, mwenyewe. Alowahi kuliangalia dema kwa karibu anajua macho yake yana pembe sita, papi, vile vipande vyembamba vya kusukia, zinapita njia tatu zinakabana zenyewe kwa zenyewe. Nilivokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumpa papi moja moja huku namsumbua kwa masuala, siku moja nikamuuliza mbona hapa limepinda na pale limenyooka. Akaniwekea kidole pale pale kwenye kona akanambia "Hapa njia moja nimeiwacha, jicho limebaki pembe tano. Ukisuka sita sita tupu utapata jamvi, hupati dema." Sikuelewa ukubwa wa lile neno mpaka nilipokuja kuiona picha ya kapsidi miaka mingi baadae, nikacheka peke yangu mbele ya kompyuta.

Maana'ke ni hivo hivo hasa. Kapsidi ya kirusi cha UKIMWI imesukwa kwa protini ya aina moja tu, ina asidi amino 231, ndo herufi zake hizo, inajirudia kama mara 1500. Protini hizo zinakaa sita sita kwa duara, heksama, na ziko duara kama 250 za namna hiyo. Sasa sita tupu ni jamvi, halifungi. Ili lifunge pahala pengine lazima wakae watano, na hao watano watano, yaani pentama, wapo 12. Si 11, si 13. Hesabu hii inatoka kwa Euler wa karne ya 18, kila kitu kilichofunga pande zote kwa vipande vya pembe sita na pembe tano, vitatu vikikutana kila kona, cha pembe tano lazima viwe 12. Chukua mpira ule wa zamani wa nyeupe na nyeusi, hesabu vile vyeusi, utanambia. Kwenye mpira vimetawanyika sawa ndo maana ni duara, kwenye kapsidi saba vimekaa upande mpana na vitano upande mwembamba ndo maana ikawa na umbo la pia. Urefu wake kama nanomita 120, upana kama 60.

Sasa turudi kwa mwalimu. Kama kila protini imeshikana na jirani zake pande zote, ukibadilisha moja umezibadilisha zote 1500, kwa sababu zote zinatoka kwenye maandishi yale yale. Na hii protini ina kazi nyingi zinazopingana. Inazaliwa ikiwa kipande cha protini ndefu inayoitwa Gag, inajipanga kwanza kwa mpango mmoja, halafu mkasi wa kirusi unakuja unaikata, inajipanga upya kwa mpango mwengine. Lazima iwe ngumu njiani isifunguke mapema, halafu ikifika ifunguke. Mwaka 2013 watafiti waliibadilisha herufi moja moja ovyo ovyo kuona itakuwaje, kiasi ya asilimia 70 ya mabadiliko hayo yalikiua kirusi. Kinyonga gani huyo ambae akibadilisha rangi mara kumi anakufa mara saba?

Hapa kuna jambo linalonifurahisha pia kwa sababu vitabu vilikosea. Zamani tulisomeshwa kapsidi ikiingia tu kwenye seli inayeyuka, inabaki RNA inajitafutia njia. Kufika 2020 na 2021 picha za darubini za elektroni zikaonesha kapsidi nzima nzima inapita mlango wa kiini cha seli, mlango ambao watu walikuwa wakiamini ni mdogo haiwezi kupita, na kazi ya kunakili inamalizika huko huko ndani. Yaani si bahasha ya kutupa, ndo chombo chenyewe cha safari, na ina vishimo maalum kwenye mwili wake vya kujishikiza kwa protini za mlangoni ili iruhusiwe kupita.

Na katikati ya kila duara la sita kuna tundu, na kwenye tundu kinakaa kitu kidogo kinaitwa IP6 kinaibana isitawanyike. Hichi IP6 kirusi hakitengenezi, kinakikuta kwenye seli zetu. Kitu hicho hicho kimejaa kwenye mbaazi, kunde na choroko. Msije mkaacha mbaazi za nazi kwa maneno yangu lakini, seli zako zinajitengenezea chao wenyewe, ule usile.

Nyuma zaidi sasa. Retrovirusi, yaani virusi vyote vinavyonakili RNA yao iwe DNA kama hichi chetu, ni ukoo mkubwa, mwaka 1911 Peyton Rous alishaonesha kirusi cha kuku kinacholeta saratani. Umbo la kapsidi linatofautiana, cha panya ni kama mviringo, chetu kama ile pia ya kuchezea, vyengine mrija. Ukizilinganisha herufi za protini zao hazifanani kabisa isipokuwa kipande kifupi cha asidi amino kama 20, lakini mkunjo wa protini ni ule ule. Mie naona ni kama Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, maneno yanapishana mpaka mtu wa mjini anaomba mkalimani lakini mfupa wa lugha ni mmoja.

Na mkunjo huo una umri mkubwa kuliko virusi hivi. Umo kwenye vipande vya DNA vinavyorukaruka ndani ya viumbe, vinaitwa Ty3, na kwenye chachu ya mkate vimo. Sie wenyewe tumeuchukua! Kuna protini kwenye ubongo inaitwa Arc, panya asiyekuwa nayo anajifunza lakini kesho yake hakumbuki. Mwaka 2018 vikundi viwili Marekani vikaonesha Arc inajisuka iwe kapsidi, inabeba RNA, inatoka seli moja inaingia nyengine. Asili yake ni kutoka kwa jamaa zake hao Ty3, na nzi nao wakaja kuichukua ya kwao kivyao. Kwa hivo unavosoma hapa na kukikumbuka ulichosoma, kuna jamaa ya kapsidi anafanya kazi kichwani mwako. Hili nililisema barazani, nikaambiwa nimekunywa kahawa nyingi.

Wanyama nao walishajua zamani kuwa hapa ndo pa kupiga. Kima wa Asia, rhesus, wana protini inaitwa TRIM5 alfa, ilijulikana 2004, inaitambua kapsidi kwa ule mpango wake wa sita sita, inaifunika kwa wavu wake na kuiharibu. Sisi tunayo ya kwetu ila kwa kirusi cha UKIMWI ni dhaifu. Inaniuma kidogo nikiwa msitu wa Jozani nawatazama kima punju wamekaa juu wanatafuna majani hawana habari, nafikiria ukoo wa kima umepigana vita hivi miaka mingapi na sie tumekuja juzi tu.

Sasa hiyo sindano, lenacapavir, inaingia kwenye kile kile kishimo cha kapsidi ambacho kirusi kinakitumia kupita mlangoni, inakaa baina ya protini mbili, inaukaza mpango wote mpaka chombo hakiendi sawa na vipya havisukiki vizuri. Kirusi kinaweza kubadilika hapo? Kinaweza, sitoficha, mabadiliko ya kuikataa dawa yameonekana, lakini lile linaloikataa kwa nguvu zaidi linakidhoofisha kirusi chenyewe. Unaukwepa mshale unaangukia shimoni. Kwenye jaribio la Afrika Kusini na Uganda lililotangazwa 2024, wanawake 2134 walichomwa sindano hii na hakuambukizwa hata mmoja, wakati kwenye makundi ya waliopewa vidonge vya kujikinga waliambukizwa 55. Marekani ikairuhusu kwa kinga Juni 2025 na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata. Si dawa ya kuponya, na aliye kwenye ARV aendelee nazo, hilo nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu.

Kinachoniudhi hasa si mwalimu. Ni kuwa tangu tuko skuli kirusi hichi tunahadithiwa kwa khofu na aibu tu, mabango ya fuvu la kichwa, hakuna aliyewahi kutuchorea kitu chenyewe. Mtu anapimwa, kipimo cha siku hizi kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wake dhidi ya kirusi, na pia p24, na p24 ndo hiyo hiyo protini ya kapsidi, anatoka na jibu na hajui kimetafutwa nini kwenye damu yake. Watoto wa Kojani wanaojua kulisuka dema wangeielewa kapsidi kabla ya mtoto yoyote wa London.

Jana usiku nimerudi barazani na dema dogo la ami, lile la maonesho, nikaliweka katikati kwenye mkeka. Mwalimu akaligeuza geuza, akahesabu macho ya pembe tano kwa kidole, akanyamaza kidogo. Halafu akauliza "Na hiyo sindano yako shingapi?" Nikamwambia Marekani bei yake ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, ila zimeshatangazwa za viwanda vyengine kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027 kwa nchi kama zetu. Akatoa simu akapiga hesabu.

"Kama laki moja," akasema. "Mimina kahawa."