Saa ya arosto na foleni ya hospitali

Mtu anayetumia heroini huanza kushikwa na arosto saa 8 hadi 24 tangu atumie mara ya mwisho: makamasi yanamchuruzika, tumbo linakata, mifupa inauma, jasho linamtoka huku anatetemeka kwa baridi. Sasa mweke kwenye foleni ya mapokezi, ana jipu mkononi, kalificha kwa shati la mikono mirefu. Dirisha la kwanza kadi, la pili malipo, la tatu maabara. Kabla zamu yake ya kumwona daktari haijafika ameshaondoka, na kwenye faili panaandikwa "ametoroka".

Wapo wanaosema mwenye nia ya kupona atakuja mwenyewe. Kwao, kumfuata maskani na sindano safi ni kumlea kwenye uraibu. Siidharau hoja hiyo. Mara nyingi wanaoitoa ni wazazi walioibiwa hadi vyombo vya ndani, au wauguzi waliotukanwa na kutishiwa wodini. Na methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, si maji: ikikutana na pombe au vidonge vya usingizi inaweza kuzima pumzi, ndiyo maana kliniki nyingi humnywesha mgonjwa mbele ya mhudumu.

Wenye hoja hiyo hutaja pia jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 2020 wapiga kura waliamua kwamba kukutwa na kiasi kidogo cha dawa za kulevya kusiwe jinai. Kuanzia Februari 2021 mtu aliandikiwa faini ya dola 100, ambayo ingefutwa akipiga simu kufanyiwa tathmini ya afya. Waliopiga walikuwa wachache mno, na mwaka 2024 jimbo likarudisha jinai. Ni kweli fentanili, dawa kali kuliko heroini, ilikuwa inaenea kwa kasi wakati huohuo, lakini hata ukiiweka kando, mtu mwenye arosto alikabidhiwa karatasi yenye namba ya simu. Ureno nayo iliacha kuhesabu jambo hilo kuwa jinai mwaka 2001, ila huko mtu huitwa ndani ya saa 72 mbele ya tume ya wataalamu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Anakutana na watu uso kwa uso. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti zote za maneno ya sheria.

Sharti la "acha kwanza ndipo tukutibu" silikubali, na sababu ni ya kitabibu. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hupoteza uzoefu wake wa kuihimili. Akirudia kipimo kilekile cha zamani anaweza kufa palepale. Ndiyo maana siku za mwanzo baada ya kutoka gerezani ni za hatari sana. Methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya kutuliza arosto, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005.

Ninapositasita ni hapa: kliniki maalumu au hospitali ya kawaida? Kliniki maalumu haimkemei, wahudumu wanaijua arosto. Lakini anayeonekana akiingia pale ameshajulikana, na mama anayeogopa kunyang'anywa watoto hatathubutu kukaribia. Tena mwili wake una mengine: kifua kikuu, au homa ya ini aina ya C, ambayo siku hizi hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Vijidudu vya sindano vikifika kwenye valvu za moyo, anahitaji antibiotiki ya mshipani kwa wiki 4 hadi 6, amelazwa. Bila methadoni pale wodini, hata siku ya tatu huenda asiifikishe.

Kwa hiyo naelemea hospitali ya kawaida, kwa sharti kwamba methadoni ipatikane humo wodini na mwelimishaji rika aingie naye. Huyu aliwahi kupita njia hiyohiyo; anajua kumwambia muuguzi "huyu ameanza arosto, tumsogeze mbele" kabla matusi hayajaanza. Hospitali nyingi humwacha getini kwa kuwa hana cheo. Apewe kitambulisho, apewe mshahara, asimame naye pale dirishani.