Bibi alikuwa anaomba maji

Bibi yangu aliingia hospitali kwa miguu yake. Tulishuka naye Mwanza kwenye pantoni ya Kamanga asubuhi, akakataa bajaji, akawa anatembea na mkongojo wake huku anakohoa na kulalamika kwamba watu wa mjini hawasalimiani. Alikuwa na homa ya mapafu. Wiki tatu baadaye homa ya mapafu ilikuwa imepona, na sisi tulimbeba mikononi kumwingiza kwenye gari. Miguu ilikuwa imebaki vijiti, juu ya makalio kuna kidonda cha kuenea kisahani cha chai, na jina langu halikumbuki.

Hospitali sitaitaja. Niliyoyaona pale nimeyasikia kwa watu waliouguza wazee wao kwingine, na wauguzi niliowakuta walikuwa watu wema waliozidiwa. Nilihesabu vitanda 34 kwenye wodi ile, bila waliolala kwenye magodoro chini, na zamu ya usiku ilikuwa na nesi mmoja na mwanafunzi wake. Ninachotaka kukisema kinatuhusu sisi tuliokuwa nje.

Utaratibu unaujua. Alfajiri unaingia na uji, mchana na chakula, jioni tena kidogo, kisha mlinzi anapita kitanda kwa kitanda kuwatoa. Usiku shangazi yangu alitandika kitenge barazani pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Kutoka pale hadi kilipo kitanda cha mama yake ni hatua kama hamsini, na katikati kuna mlango uliofungwa.

Siku ya nne nesi aliniambia, "Dada, bibi yenu amechanganyikiwa. Usiku kucha anapayuka, ikabidi achomwe sindano alale." Mama mmoja wa kitanda cha jirani, mtu wa Magu, alisubiri nesi apite ndipo akanishika mkono. "Hapayuki huyu. Anasema minzi, minzi. Ananiomba maji mimi, na mimi mwenyewe kusimama siwezi."

Minzi ni maji kwa Kisukuma. Bibi Kiswahili anakijua, cha sokoni na cha kanisani, ila homa ilipompanda alirudi kwenye lugha ya mama yake. Nesi alikuwa mtu wa mkoa mwingine kabisa. Chupa ya maji tuliyomwachia jioni ilikuwa juu ya kikabati, imejaa, kizibo hakijafunguliwa. Mikono ya bibi haina nguvu ya kufungua kizibo cha chupa mpya. Miwani yake tulikuwa tumeirudisha nyumbani isije ikaibiwa.

Mzee aliyekuwa anaongea vizuri Jumatatu, kisha Alhamisi hajui yuko wapi, hajazeeka kwa siku tatu. Kuna kitu kimempata: maambukizi, upungufu wa maji mwilini, maumivu, mkojo uliokwama, dawa mpya, kukosa usingizi. Akili inakwenda na kurudi, na usiku hali huwa mbaya zaidi. Wapo pia wanaochanganyikiwa kimyakimya, analala tu, haulizi kitu, na wodi nzima inasema ametulia. Huyo ndiye wa kuogopewa, maana hakuna atakayemwita daktari kwa ajili yake. Na kwetu Usukumani bibi anayeongea mwenyewe usiku ni jambo la hatari. Tunajua vikongwe wangapi wamesingiziwa uchawi na kuuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kupika maisha yao yote. Akirudishwa kijijini anaweweseka na hakuna aliyewaeleza ndugu kwamba ule ni ugonjwa na una sababu, tumemrudisha wapi?

Dawa ya jambo hili kwa sehemu kubwa haiko famasi. Mwaka 1999 Sharon Inouye wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na kuendelea. Waliohudumiwa kwa kawaida, asilimia 15 walichanganyikiwa wakiwa wodini. Waliowekwa kwenye mpango maalumu walikuwa asilimia 9.9. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: mzee akumbushwe leo ni siku gani na yuko wapi, avae miwani yake, asaidiwe kusikia, anyweshwe maji, ainuliwe atembee mapema, na usiku apewe kinywaji cha moto na kusuguliwa mgongo ili apate usingizi bila vidonge. Nilipofika kwenye nani alizifanya kazi hizo nililia. Nyingi zilifanywa na watu wa kujitolea waliofundishwa. Wenzetu walilazimika kutafuta watu wa kuja kukaa na mzee asiye wao. Sisi hao watu tunao, damu yake mwenyewe, wamelala barazani kwenye kitenge.

Najua hoja za hospitali. Wodi zimejaa, ndugu wanaleta vurugu, wanakaa juu ya vitanda, simu zinaibiwa, maambukizi yanasambaa. Zote ni za kweli. Basi mzee wa miaka 60 na zaidi apewe ndugu mmoja, mmoja tu, mwenye kitambulisho kifuani, aliyeoneshwa na nesi kazi yake kwa dakika ishirini siku ya kwanza. Wodi za watoto zinamruhusu mama kulala na mwanawe, na hakuna anayeona kwamba ni vurugu.

Kwenye zile dakika ishirini ningependa aoneshwe kwanza kugeuza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kwa sababu nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kuanza kufa. Nesi mmoja hawezi kugeuza watu 34 kila saa mbili, hesabu yenyewe inakataa. Shangazi angeweza kumgeuza mmoja. Na aoneshwe pa kuangalia: chini kabisa ya uti wa mgongo, kwenye nyonga, visiginoni. Mabango husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi kama ya bibi wekundu hauonekani. Unapeleka mkono. Sehemu inayoanza kuharibika ina joto kuliko jirani yake, au imekuwa ngumu, au laini kupita kiasi, na weusi wake umekolea. Siku ile ya nne nilipomwosha bibi nilipaona pamekolea, nikadhani ni uchafu, nikapasugua kwa kitambaa. Hapafai kusuguliwa. Hakuna aliyeniambia, na hilo bado linaniuma.

La pili ni kumwinua. Kitanda tumekiamini mno. Mzee akiugua tunamwambia lala, pumzika, usijichoshe, na sisi watu wa nyumbani ndio wa kwanza kumkatalia kushuka, halafu tunamvalisha pampasi hata kama anaweza kufika chooni akishikwa mkono. Mwaka 1935 daktari mmoja Mwingereza, Marjory Warren, alikabidhiwa mamia ya wagonjwa wa muda mrefu katika hospitali moja ya London, wengi wao wazee waliokwisha kukatiwa tamaa na kuachwa vitandani. Aliwapima mmoja mmoja, akawaanzishia mazoezi, wengi wakainuka, na wapo waliorudi majumbani kwao. Tiba ya wazee kama fani imeanzia hapo, kwa mtu aliyekataa kukubali kwamba mzee amelala kwa sababu ni mzee. Bibi yangu angeweza kukaa kwenye kiti wakati wa uji kuanzia siku ya tatu. Kiti kilikuwepo. Nilikiwekea begi.

Kuhusu sindano ya usingizi nitasema kidogo tu. Mwaka 1991 daktari Mmarekani Mark Beers na wenzake waliandaa orodha ya dawa zinazofaa kuepukwa kwa wazee wanaoishi kwenye nyumba za wazee. Orodha hiyo inahuishwa hadi leo na hutumika kwa wazee wote. Diazepamu, ya kutuliza na kuleta usingizi, imo. Hata piritoni imo, hii hii tunayonunua duka la dawa kwa mafua, kwa sababu inaweza kumchanganya mzee na kumwangusha. Ukimpeleka mzee hospitali beba dawa zake zote kwenye mfuko, na mwombe daktari akuambie ipi iondolewe, maana kuongezewa kunakuja kwenyewe.

Serikali imefanya jambo. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 tunasema mzee wa miaka 60 asiye na uwezo atibiwe bure, na dirisha la wazee lipo, nimepita hapo na bibi tukatangulizwa mbele ya foleni. Ninashukuru kwa dhati. Ila dirisha linamfikisha wodini haraka, na huko wodini anakuwa kitanda namba fulani kama mtu wa miaka 25.

Na yupo mzee asiye na shangazi barazani. Ukitoka mjini kwenda Misungwi kuna makazi ya wazee ya Bukumbi, ya serikali, kwa wasio na mtu wa kuwatunza. Vikundi vyetu, jumuiya, kwaya, akina mama wa vikoba, tunapenda kutembelea makazi kama hayo. Tunapeleka sabuni, sukari na mchele, tunaimba, tunapiga picha, tunaondoka saa kumi. Mimi pia nimefanya hivyo. Siku hizi naona tungepeleka mikono kabla ya sukari: watu wanne kila Jumamosi wanaojua kumshika mzee akatembea hadi uani na kurudi, kumkata kucha, kumkagua visigino, kumsikiliza kwa Kisukuma. Na mzee wa makazi akilazwa hospitali, mmoja wa hao hao ndiye avae kile kitambulisho kifuani akae naye. Waliokwisha kuuguza wazee wao wanaijua kazi hii. Wanahitaji kuruhusiwa kuingia.

Kidonda cha bibi kilichukua miezi mitano kufunga. Shangazi alimgeuza kwa kufuata adhana na kengele ya kanisa, saa ya ukutani haoni vizuri na yeye. Akili ilirudi kwanza, miguu baadaye. Sasa anafika hadi chini ya mpapai akiwa na mkongojo, anakaa hapo anachambua mchicha na kuwasema wapita njia wasioamkia.

Jumanne tuna kliniki. Tutavuka na pantoni ya kwanza. Miwani nimeifunga kwenye pindo la khanga yangu, chupa ya maji nimelegeza kizibo, na kwenye karatasi nimemwandikia nesi maneno sita ya Kisukuma kwa herufi kubwa, la kwanza likiwa minzi.