Petroli Si Dawa ya Kidonda

Kwenye gereji nyingi za mitaani, fundi akichanika kidole hukimbilia petroli. Ikikosekana, mafuta ya breki. Wapo wanaopasua kidonge cha rangi mbili, ile antibiotiki ya kumeza, wakanyunyiza ule unga, wakazungushia tepu nyeusi ya umeme na kurudi chini ya gari. Kwa maoni yangu, vidonda vingi vinavyotunga usaha gerejini vinaharibiwa na huduma hiyo kuliko na chuma kilichokata.

Petroli inawasha, na watu wanadhani kuwasha ndiko kupona. Kinachoungua ni nyama hai, ile ile inayotakiwa kuliziba jeraha. Unga wa rangi mbili hugandamana na damu, ukafungia grisi na vumbi chini ya ganda. Tepu nayo inazuia jasho lisitoke, hivyo ngozi inalowa, inakuwa nyeupe na kulainika, na hapo vijidudu vinazaliana kwa raha.

Dawa ya kwanza ni maji mengi. Weka dumu la lita 20 lenye koki mahali ambapo kila mtu analifikia, na sabuni ya kipande pembeni. Sanduku la huduma ya kwanza lililofungiwa kwenye droo ya bosi halimsaidii mtu. Grisi iliyozunguka jeraha ifutwe kwa kitambaa safi chenye mafuta ya kula kidogo, ukivuta kuelekea nje. Kisha fungulia maji yapite juu ya jeraha dakika tano au zaidi, sabuni ikipita kwenye ngozi ya pembeni. Damu ikiendelea, bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Paka iodini, funika kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na ubadilishe kila siku, au mara tu ikilowa oili. Glavu juu ya bandeji ni sawa, ila si kwenye grenda wala karibu na feni ya injini: zikinaswa zinavuta na mkono.

Mikwaruzo ya vifundo vya vidole inatokana zaidi na spana inayoteleza. Vuta spana kuja kwako. Ukilazimika kusukuma, sukuma kwa kiganja kilicho wazi. Na hii tabia ya kunawa jioni kwa mchanga na sabuni ya unga inachubua ngozi nzima, ukaanza kesho na milango kadhaa ya vijidudu.

Tundu dogo linaogopesha kuliko mchaniko mpana. Waya wa tairi au msumari ukizama, pepopunda hupata inachotaka: kina kisicho na hewa. Kutu yenyewe haina kosa. Mbegu za ugonjwa zimo kwenye udongo na vumbi, na sakafu za gereji zetu nyingi ni udongo mtupu. Wanawake hupata chanjo ya pepopunda wakiwa wajawazito, lakini mafundi wengi wa kiume mara ya mwisho walichanjwa wakiwa wachanga. Chanjo hurudiwa kila miaka 10. Kwa jeraha chafu, kama imepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho, nenda ukachanjwe siku hiyo hiyo. Asiyejua alichanjwa lini, naye aende.

Mafundi nozo, wanaotengeneza vile vinyunyizio vya dizeli vya injini, wana hatari ya peke yao. Mashine ya kupimia nozo hufika presha ya bari 200 na zaidi, na dizeli inayotoka hapo hupenya ngozi bila shida. Bomba la grisi linaweza kufanya vivyo hivyo. Utaona alama kama ya kuchomwa sindano, pengine bila damu wala maumivu makali, ukadhani si kitu. Ndani, mafuta yanasambaa kufuata kano, na saa chache baadaye kidole kimevimba na kuanza kufa. Usikikamue, usikikande kwa maji ya moto, usisubiri kesho. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji, na umwambie wazi kilichoingia ni dizeli au grisi, kiliingia kwa presha, na saa ngapi. Usipotamka neno presha, unaweza kurudishwa nyumbani na panadol.