Wanaowahoji mabilionea hawana wivu

Kila orodha ya matajiri wa dunia inapotoka, hapa Kisumu hakukosekani wa kusema kwamba anayewahoji mabilionea ana wivu tu, na kwamba aliyechuma kwa akili yake aachwe ale jasho lake. Mgala muue na haki mpe: chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa Siaya na Kombewa kabla ya kuanza kutolewa Homa Bay mwezi Septemba 2019, ilitengenezwa kwa msaada mkubwa wa fedha za wakfu wa Bill Gates, na hakuna mzazi wa Ndhiwa atakayeikataa kwa sababu ya jina la aliyelipia.

Swali la wanaolalamika ni kwa nini uhai wa mtoto huyo utegemee moyo wa mtu mmoja aliye ng'ambo. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya USAID, shirika lake la misaada ya nje, aliyekuwa mstari wa mbele kulivunja shirika hilo, tena kwa kujigamba, alikuwa Elon Musk, tajiri kuliko wote duniani. Ni kweli kwamba Rais Trump ndiye aliyetia saini amri ya kuisimamisha misaada, na Trump alichaguliwa. Musk hakupigiwa kura na yeyote, hata Marekani kwenyewe, sembuse mgonjwa wa Nyanza anayetegemea dawa za ARV.

Wanaowatetea matajiri hupenda pia kutaja Siaya, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Katikati ya muongo uliopita, shirika la GiveDirectly, ambalo wafadhili wake wakubwa ni pamoja na wakfu wa Dustin Moskovitz, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, liligawa zaidi ya dola milioni 10 kwa kaya zaidi ya 10,000 zilizoishi katika nyumba za nyasi. Kila kaya ilipokea kwa M-Pesa takriban shilingi 87,000, bila masharti. Wanauchumi waliofuatilia walikuta kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi za takriban dola 2.5, huku bei zikipanda kwa kiasi kidogo mno. Hata wasiopewa senti walinufaika, kwani aliyenunua mabati alimlipa fundi wa kuyapiga, na fundi akapeleka ujira wake dukani. Watetezi huona hapo wema wa matajiri. Mimi naona fedha ambazo zilizaa kwa sababu zilimtoka mmoja zikaingia mikononi mwa maelfu. Vijiji vilivyopata viliteuliwa kwa bahati nasibu ili utafiti uwe sahihi. Ng'ambo ya barabara watu walikosa. Utafiti una haki ya kufanya hivyo, lakini nchi haiwezi kuendeshwa hivyo, na njia pekee ninayoijua ya kuifanya neema ile iwe ya kila mwaka na ya kila kijiji ni kodi.

Nitaambiwa kodi itaibwa, na baada ya kashfa ya 2020 ya KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, siwezi kulipuuza jibu hilo. Hata hivyo, wizi wa serikali una Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa kuuanika, na una debe la kura. Mwaka 2024 vijana waliandamana, Kisumu na Nakuru zikiwemo, wengine wakauawa nchini, na Mswada wa Fedha ukaangushwa. Bilionea anayebadili nia hana mswada wa kuangushwa.

Wala uzito wa kodi haugawanywi sawa kati yetu: mwalimu wa Nakuru hukatwa hadi asilimia 30 kabla mshahara haujamfikia, ilhali aliyeuza kiwanja kwa faida ya mamilioni hutozwa 15. Mwaka 2024 mwanauchumi Gabriel Zucman, kwa ombi la Brazili, iliyokuwa mwenyekiti wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, alipendekeza mabilionea wa dunia, takriban 3,000, walipe kila mwaka angalau asilimia 2 ya mali yao, ambazo zingeleta dola bilioni 200 hadi 250. Marekani ilipinga. Umoja wa Afrika una kiti katika G20 tangu 2023, na Kenya inapaswa kudai kwamba kiti hicho kitumiwe kulirejesha pendekezo hilo mezani.